Uzinduzi wa Friza Mia Nne

(Garissa, uwanja ulio nyuma ya soko la mifugo, baada ya swala ya adhuhuri, siku ambayo mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama jioni. Hema la harusi. Spika sita na jenereta moja. Mbele ya jukwaa kuna friza moja ya kulala, imepakwa rangi ya kijani na kufungwa utepe mwekundu. Mkurugenzi anasimama, anakunja mikono ya koti lake, ambayo ni mirefu kidogo, na kugonga kipaza sauti.)

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. (Wanaitikia.) Hiyo ilikuwa salamu au watu mlikuwa mnapiga miayo? Naomba tena. (Wanaitikia kwa sauti zaidi.) Alhamdulillah.

Mgeni wetu wa heshima, Bi. Kemunto, mwakilishi wa wafadhili wetu wapendwa, ambaye ametoka Nairobi alfajiri, akavuka daraja la Tana, na amefika hapa akiwa bado anatabasamu. Waheshimiwa wazee wa koo zote zilizopata viti, na wazee wa koo ambazo viti vyao viko njiani. Maimamu wetu na wasaidizi wa maimamu. Machifu, machifu wasaidizi, na wale ambao Mungu akipenda watakuwa machifu. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, pamoja na mwenyekiti wa kamati iliyoiandaa kamati ya maandalizi. Wenyeviti wa wauzaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, nikiwataja kwa kufuata kimo cha mnyama na wala si cha mtu. Akina mama watukufu wa kikundi cha Barafu na Maendeleo. Vijana wetu mlioegemea ukuta kule, ambao ni viongozi wa kesho na ndiyo maana leo hamna kazi. Wanahabari wote, yaani yule mmoja mwenye simu. Na mimi mwenyewe, kwa kuwa itifaki haimruhusu mtu kujisahau, Mheshimiwa Mkurugenzi Mwandamizi Abdiwahid Aden Jama, mwasisi, mlezi, mbunifu na mratibu mkuu wa Mamlaka ya Ubaridi wa Vyakula vya Nyumbani: itifaki imezingatiwa! (Makofi kutoka safu ya mbele.)

Ndugu zangu, leo ni siku ambayo wajukuu wenu watawauliza mlikuwa wapi, na nyinyi mtajibu kwa kifua mbele kwamba mlikuwa hapa, juani, mkimsikiliza Abdiwahid akizindua Mradi Jumuishi wa Ugandishaji wa Piza na Donge kwa Mlo wa Haraka wa Baadaye, ambao kwa kifupi, na kwa mapenzi, tunauita MUPIDO. (Mtu nyuma anauliza jirani yake ni chama gani hicho.) Si chama, mzee. Ni zaidi ya chama. Chama kinakuahidi chakula. MUPIDO inakuahidi chakula kilichogandishwa, ambacho kinakaa muda mrefu kuliko ahadi yoyote ya chama mnayoikumbuka. (Kicheko.)

Nianze na tatizo, kwa sababu mtaalamu huanza na tatizo, na mimi nimehudhuria wakishopu nyingi sana za matatizo. Ramadhani inaingia. Mama wa Garissa yuko jikoni tangu alasiri, jua la nje na moto wa ndani vinamkaanga kwa pamoja, anakanda, anasukuma, anapepea makaa, adhana ya magharibi inamkuta na unga hadi kwenye viwiko, na anafungua saumu kwa tende moja akiwa amesimama. Na watoto wa siku hizi, mashallah, wameona piza kwenye simu. Hawataki tena kusikia habari za uji. Wanataka piza yenye nyama ya ngamia ya kusaga, vitunguu, pilipili hoho na chizi inayovutika. Sasa mimi kama mtaalamu nikajiuliza, je, hakuna fremuweki ambayo mama huyu atakanda mara moja, mwezi wa Shaaban, akiwa ameshiba na ana nguvu, halafu akala raha mwezi mzima?

(Mama mmoja wa makamo, kwenye safu ya tatu, anasimama na kunyanyua mkono. Ni Hawo Jama. "Abdiwahid, maliza haraka. Unga yangu iko ndani ya hiyo friza.")

Mnamsikia? Huyo ni eeddo Hawo, dada wa marehemu baba yangu, na kwa hiyo ni shangazi yangu wa damu, lakini asije mtu akasema kwamba nimempendelea, kwa sababu amechaguliwa kwa njia ya uwazi kuwa mnufaika nambari moja wa MUPIDO. Hata kabla ya uzinduzi, Bi. Kemunto, hata kabla ya utepe kukatwa, unga wake tayari umo ndani! Ni mradi gani mwingine katika ukanda huu ambao umeanza kuwafaidi watu kabla ya kuanza? (Makofi. Bi. Kemunto anapiga picha ya friza. Hawo anakaa, akitazama waya wa friza, ambao umeviringwa juu ya mfuniko na haujachomekwa popote.)

Sasa tuingie kwenye ufundi, na wazee mnivumilie, maana nitatumia maneno mazito. Timu yangu, yaani mimi na dereva, tulifanya ziara ya mafunzo katika nchi moja ya baridi ambayo sitaitaja ili nyingine zisione wivu, na huko nilishuhudia kwa macho yangu haya piza ikitolewa kwenye friza ikiwa ngumu kama kigae, ikaingizwa kwenye oveni, na kabla sijamaliza kuuliza swali langu la kwanza ilikuwa imeiva. Nilikula vipande sita. Sikula kwa njaa, ndugu zangu, nilikula kwa niaba yenu. (Kicheko. Mzee mmoja: "Shukran.")

Utaratibu ni huu. Donge linakandwa kwa unga, hamira, chumvi na mafuta kidogo, linafunikwa, linaachwa likaumuka, linakatwa madonge, kila donge linapakwa mafuta na kufungwa kwenye mfuko wake, linaingia friza. Hiyo ndiyo stratejia ya kwanza. Stratejia ya pili, mkate wa piza unasukumwa, unaokwa nusu, moto juu na moto chini kwenye sufuria kama mnavyojua, unaachwa upoe kabisa, unapangwa na karatasi kati ya mkate na mkate, unafungwa, unaingia friza. Siku ya siku, mtoto ambaye hata kukanda hajui anatoa mmoja, anapaka nyanya, anatia nyama, anafunika, na adhana ikilia chakula kiko mezani. Hivi ndivyo Mamlaka ilivyogundua.

(Hawo, kwa sauti ya chini lakini inayosikika: "Wewe umeona mimi nikifanya Alhamisi, umesimama kwa mlango.")

Ushirikishwaji wa jamii! (Makofi.) Hicho ndicho wataalamu tunachokiita ushirikishwaji wa jamii. Mkurugenzi anasimama mlangoni, jamii inafanya, na ujuzi unahama kutoka mikono kwenda ripoti.

Na kwa kuwa eeddo amejitokeza, niruhusuni niwape hadithi yake ya mafanikio, maana Bi. Kemunto aliniambia kwenye simu kwamba wafadhili wake siku hizi hawataki takwimu tupu, wanataka mtu. Mtu mwenyewe ndiye huyu. Mama yake Hawo, yaani bibi yangu mzaa baba, yuko Diff, kule mpakani, kitandani, na umri umekwenda. Hawo anasafiri kesho alfajiri kwenda kumuuguza Ramadhani yote. Watoto wake wanne wanabaki hapa Garissa kwa sababu ya shule, na mkubwa wao, Fartun, ni msichana wa sekondari, anajua hesabu, anajua kemia, lakini kukanda hajui, ukimpa unga anatoa jiwe. (Kicheko. Msichana aliyekaa kando ya Hawo anainamisha kichwa.) Sasa huyu mama alifanya nini? Alikanda Shaaban nzima. Kila siku, akitoka dukani kwake, anakanda, anaoka nusu, anafunga, anapanga. Akajaza friza futari ya mwezi mzima, kila mfuko ameufunga kwa mkono wake, ili kila magharibi wanawe wafungue mfuko na iwe kama mama yao yuko jikoni. Bi. Kemunto, andika hilo. Mama yuko Diff, na mkono wake uko Garissa. (Wanawake kadhaa wanamtazama Hawo.) Mimi mwenyewe niliposikia nilitokwa na machozi, nikasema huyu lazima aingie kwenye mradi, na jana hiyo hiyo alasiri, kabla machozi hayajakauka, akaingia.

(Hawo: "Abdiwahid, tangu jana. Naomba tu waya.")

Waya utakuja, eeddo. Kila jambo lina awamu yake. Kwa sasa jenereta imebebeshwa spika, kwa sababu haki ya umma kupata habari ni ya kikatiba, na friza hii, kwa taarifa yenu, inatumia teknolojia ya ubaridi wa akiba, ambapo ubaridi wa jana unatumika leo, na wa leo unawekwa kwa ajili ya kesho. Ndiyo maana nawaomba, na hili ni agizo la kitaalamu, mtu yeyote asifungue mfuniko. Ukifungua, ubaridi unatoka na haurudi. Wataalamu wa ile nchi waliniambia hivyo wenyewe.

(Mbuzi mmoja mwekundu amepita katikati ya viti, anakunywa maji yanayochuruzika chini ya friza. Askari anamfukuza. Anarudi.)

Mwacheni, mwacheni huyo mbuzi. Bi. Kemunto, usishtuke. Maji yale ni ushahidi kwamba friza inafanya kazi, maana bila barafu hakuna maji, na bila MUPIDO hakuna barafu. Naweza kusema kwamba sekta ya mifugo nayo imeanza kunufaika, jambo ambalo halikuwemo hata kwenye malengo yetu, na sasa nitaliongeza. (Makofi machache.)

Tuje kwenye takwimu. Utafiti wetu wa awali unaonyesha kwamba asilimia tisini na saba nukta tatu ya akina mama waliohojiwa, wote wawili, wanataka friza. Hadi kufikia jana, Mamlaka imefikia asilimia mia moja na nne ya lengo lake, na hiyo nne ya ziada tumeiweka akiba kwa mwaka mbaya. Friza mia nne, narudia, mia nne, zimesambazwa katika ukanda huu wote wa Kaskazini Mashariki. Modogashe, pale njia panda, wenye malori wanasimama si kwa chai tena, wanasimama kwa piza. Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, biashara ya donge lililogandishwa imeshamiri mpaka watu wanasahau foleni. Na Diff, ndugu zangu, Diff kule mpakani, kuna friza thelathini zinazonguruma usiku na mchana, hadi wenzetu wa upande wa pili wanasikia na kutamani.

(Mwanamume aliyekaa juu ya gurudumu la akiba anasimama. Ni Abdisalam, dereva wa lori. "Mheshimiwa, mimi nimetoka Diff jana usiku. Friza sikuona hata moja. Hata soda nimekunywa moto.")

Waryaa Abdisalam, kaa chini. Swali zuri. Wewe ulipita barabarani, sivyo? (Abdisalam: "Haa.") Basi. Friza haziwekwi barabarani. Kuna mtu aliyetazama barabara na kuna mtu aliyetazama ripoti, na nakuuliza mbele ya hadhara hii, kati yenu nani amesoma? (Kicheko cha safu ya mbele. Abdisalam anakaa, akitikisa kichwa.)

(Adhana ya alasiri. Mkurugenzi ananyamaza, anainamisha kichwa mpaka adhana inapokwisha. Watu wanaanza kusimama.)

Tutaswali, wallahi tutaswali, na imamu amenikonyeza kwamba tunao muda kidogo. Nimebakiza neno moja tu. Kaeni. (Wanakaa nusu.) Neno lenyewe lina sehemu.

Sehemu ya kwanza ni ahadi. Katika awamu ya pili, ambayo Bi. Kemunto ataipeleka kwa wakubwa wake akiwa na picha hizi alizopiga, Mamlaka itajenga ghala la baridi lenye urefu wa kuanzia hapa hadi kule mtakakochoka kutazama, ambamo kila familia ya Garissa itakuwa na kabati lake la piza. Katika awamu ya tatu, kila mfugaji anayehama na wanyama wake kufuata malisho atapewa friza ya kubebwa na ngamia. Ngamia atazalisha umeme kwa kutembea. Tumeshafanya mazungumzo. (Sauti: "Na nani?") Na ngamia mwenyewe, kwa njia ya wenye ngamia. Katika awamu ya nne, madonge yetu yatasafirishwa ng'ambo, na wale walionilisha vipande sita watakuja hapa kufanya ziara ya mafunzo, nami nitawakaribisha, nitawaambia wakae juani, na nitawahutubia. (Makofi. Mtu anapiga mluzi.)

Sehemu ya pili inanihusu mimi, na kwa kawaida huwa sipendi kujizungumzia, lakini nisipojizungumzia nani atafanya hivyo kwa usahihi? Mimi ni mtoto wa hapa. Nimekunywa maji ya mto huu kabla hayajatiwa dawa. Nimepewa nafasi nyingi kubwa Nairobi nikazikataa, na nyingine hawakunipa ili wasinipe usumbufu wa kukataa. Nimelala na mradi huu, nimeamka nao, mke wangu ni shahidi, na amelalamika. Viongozi wengine wanawaletea maneno. Mimi nimewaletea kitu cha kushikika, chenye mfuniko, chenye rangi, chenye utepe. Kiko pale. Mnakiona.

(Wote wanatazama friza. Mfuniko umenyanyuka kidogo upande mmoja, na utepe umekaza. Harufu ya hamira inafika safu ya pili. Fartun anamshika mama yake mkono. Hawo anasimama, anakaa tena, anajifunika mdomo kwa ncha ya shela.)

Kinapumua, mashallah. Friza yenye uhai. Sasa tuseme kaulimbiu pamoja, kwa sababu mradi bila kaulimbiu ni mkutano wa kawaida. Mimi nikisema "Gandisha leo," nyinyi mnasema "Kula kesho." Gandisha leo! ("Kula kesho!") Hamjala? Gandisha leo! ("Kula kesho!") Donge! ("Oyee!") Piza ya ngamia! ("Oyee!") Ubaridi ni haki! (Sauti zimegawanyika.) Mkurugenzi! (Safu ya mbele peke yake: "Oyee.")

Na sasa shukrani, halafu mgeni wetu akate utepe, tuswali, tule.

Ndugu zangu, itifaki ya Nairobi imekwisha hapo. Sasa inaingia ya nyumbani. Mnajua sisi watu wa huku tulivyo. Mtu wetu unaweza kumsamehe mengi. Unaweza kumsamehe aliyekupotezea ngamia. Lakini mtu akiazima kitu chako kwa shughuli, akakitumia mbele za watu, halafu akaondoka bila kukutaja jina, hilo halisameheki mpaka kwa wajukuu. Mimi mwenyewe nimeziona familia mbili za hapa mjini ambazo hazisalimiani tangu harusi fulani, kwa sababu ya sufuria moja ambayo mwenyewe hakutajwa. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliniambia, Abdiwahid, siku ukipata kipaza sauti, usisahau wenye vitu. Kwa hiyo Bi. Kemunto unisamehe, hii ni mila, nitachukua muda kidogo, na nitamtaja kila mtu, kwa sababu sitaki kuaibika kwetu.

Namshukuru Khadra kwa kutuazima hema hili, ambalo jioni lina harusi, na nawaomba wageni msiegemee maua. Namshukuru Yarrow kwa jenereta. Yarrow, nakuona umesimama karibu nayo, na nimekusikia, namalizia. Namshukuru mwalimu wa madrasa kwa viti, na wanafunzi waliosoma leo wakiwa wamesimama. Nawashukuru akina mama wa kikundi cha Barafu na Maendeleo, ambao walikuwa wamekuja sokoni kununua tende, wakakubali kuwa kikundi tangu asubuhi, na kwa kweli wamekuwa kikundi kizuri sana. Namshukuru mchoraji wa mabango ya kliniki kwa rangi ya kijani iliyobaki.

Na mwisho, shukrani kubwa kuliko zote, ambayo nikiisahau sitastahili kuitwa mtoto wa Aden Jama. Namshukuru eeddo Hawo kwa kutuazima friza yake.

(Mbuzi peke yake anasikika.)

Mpigieni makofi. Mbona hampigi? Jana alasiri nilifika kwake na vijana wawili nikamwambia, eeddo, nina shughuli. Hakuniuliza ni shughuli gani. Hakusema ngoja nitoe vitu vyangu. Alisema ichukue, mwanangu, lakini irudi kabla ya magharibi. Kuna watu wangapi wa namna hiyo duniani? Magharibi ilitukuta rangi haijakauka, na hilo ni kosa la hali ya hewa. Eeddo, friza yako ni salama. Itarudi kwako bila mkwaruzo mara tu itakapomaliza kuzinduliwa Modogashe kesho, Ifo keshokutwa, na Diff baada ya hapo, maana friza mia nne haziwezi kuzinduliwa zote kwa siku moja.

(Bi. Kemunto ameshusha simu. "Mkurugenzi, naomba kuuliza. Friza ya mradi ni ipi?")

Swali zuri sana. Friza ya mradi, ukiitazama kwa jicho la mradi, ni hii hapa, ambayo si ya mradi.

("Na zile nyingine?")

Zile nyingine ziko katika hatua ya juu kabisa ya kufikiriwa. Wazo lipo, Bi. Kemunto. Wazo liliidhinishwa. Mliliidhinisha nyinyi wenyewe, mkatuma na barua ya pongezi, na sisi tumelitunza wazo lile vizuri kabisa, halijaguswa, liko vile vile mlivyolituma. (Bi. Kemunto anafunga mkoba wake. Mwandishi wa habari anafuta kioo cha simu na kuinyanyua juu zaidi.) Bi. Kemunto, utepe. Mkasi uko hapa. Bi. Kemunto?

(Hawo amesimama. Anapita kati ya viti, watu wanampisha. Hasubiri mkasi, anauvuta utepe kwa mkono na unakatika. Anafungua mfuniko. Mifuko imejaa, mingine imepasuka, madonge yameumuka yakashikana kuwa donge moja jeupe linalomwagika pembeni, na mikate iliyookwa nusu imelowa na kugandamana na karatasi zake. Harufu ya uchachu inafika mpaka ukutani kwa vijana. Hakuna anayecheka.)

(Hawo: "Mimi nilinyamaza tangu asubuhi. Wewe mtoto ya ndugu yangu, sikutaka kukuaibisha mbele ya watu. Kitu ya kuazima anataja mwenye kuazima, mwenyewe hatangazi. Sasa umetaja." Anaingiza mkono ndani ya donge, anautoa, anautazama. "Hii ilikuwa ya watoto yangu.")

Eeddo, Mamlaka inasikitika. Mamlaka itaunda kamati ya…

(Hawo: "Kamati nani ananikandia? Gari ya Diff inatoka alfajiri. Mama yangu ananingoja, na sijui nitamkuta. Hawa nawaachia nini?" Anamwelekeza Fartun, ambaye analia bila sauti. Mzee mmoja wa safu ya mbele, ambaye mara zote amekuwa wa kwanza kupiga makofi, anasema: "Abdiwahid, huyo ni eeddo yako." Wazee wengine wanaitikia: "Haa.")

Nafahamu, wazee. Nafahamu kabisa. Lakini itifaki…

(Hawo: "Unga iko nyumbani, gunia nzima. Hamira iko. Makaa iko. Fartun ataoka, mimi nitafunga. Wewe utakanda, usiku wote, mpaka friza ijae. Hujui, nitakuonyesha. Mara hii utakuwa ndani, hutasimama kwa mlango." Yarrow amekwisha kuchomoa waya wa spika na anauviringa. Abdisalam na vijana wa ukutani wameishika friza, wawili kila upande. Hawo anamtazama mpwa wake juu hadi chini. "Vua koti.")

(Bila spika, sauti ya Mkurugenzi ni ndogo, na watu wanasogea karibu ili wamsikie.)

Mabibi na mabwana. Mgeni wetu wa heshima, kama bado yupo. Kwa mamlaka niliyopewa, nawatangazia kwamba kuanzia sasa Mamlaka ya Ubaridi wa Vyakula vya Nyumbani imeingia rasmi katika awamu ya utekelezaji. Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Wassalamu alaikum.

(Anavua koti. Anatafuta pa kuliweka. Kutoka nyuma kabisa ya hema anakuja Sakariye, mwenye duka la kukodisha suti za harusi, ambaye amesimama wima tangu mwanzo wa shukrani hadi mwisho wake. Ananyoosha mikono, anapokea koti, anapangusa bega lake.)

("Na hii, Mheshimiwa? Hii hukuitaja.")